Swichi Inayopiga Kelele

Tarehe 6 Februari

Dada yangu wa pekee,

Salamu hizi zipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. Mimi huku mzima kama chuma cha reli, isipokuwa goti la kushoto linalojifanya lina umri wa babu yetu. Wewe je? Mgongo umepoa, au bado unakunjika kwenye cherehani? Na mjomba wangu, huyo mwanao, bwana mkubwa wa nyumba hiyo, kikohozi kimemwacha? Vidonge anameza, au bado anavificha shavuni kama tumbili?

Unaona nimetii amri yako ya kuandika barua. Eti kwenye simu naongea peke yangu na wewe hupati zamu. Haya, leo naongea peke yangu kwa maandishi, tuone utanikatiza wapi.

Kazini kumechangamka. Unajua mimi si mtu wa kujisifu, lakini jengo hili likinikosa asubuhi moja tu, sayansi inalala njaa. Mimi niliyekula chumvi ya nchi za watu, niliyeosha sahani za mahotelini mpaka za melini, sasa naosha vyombo vya maabara. Wengine wanasema nimeshuka. Nawaambia, jamani, hotelini nilikuwa naosha mabaki ya kuku, hapa naosha mabaki ya binadamu. Huko ni kupanda!

Sasa sikiliza, maana hili linamhusu mjomba. Wakubwa wangu wanachukua kirusi, wanaking'oa meno na ugonjwa wake wote, halafu wanakibebesha jeni nzima, kikaipeleke ndani ya seli ya mtu ambaye yake ni mbovu. Kirusi kimekuwa tarishi. Lakini jeni ikishafika haifanyi lolote mpaka mbele yake pawe na swichi ya kuiamsha. Swichi hiyo wenyewe wanaiita promota. Niliposikia nikawaambia hata mimi niliwahi kuwa promota, wa ndondi, na bondia wangu aliangushwa kabla sijapata pa kukaa. Hakucheka hata mmoja. Wasomi hawa vicheko vyao wanavihifadhi kwenye friza.

Kazi kubwa sasa ni kuchagua swichi. Zipo mbili. Ya kwanza imetolewa kwenye kirusi, nayo ni ya kelele, ikiwashwa imewashwa. Hiyo ni ya Daktari Mrefu, mkuu wetu, mtu anayeinama akipita mlangoni. Ya pili imetolewa kwenye jeni ya binadamu, ni ya polepole, na inawaka tu kwenye zile seli nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Hiyo anaibembeleza Mama Miwani, mtafiti mmoja mkimya ambaye miwani yake iko kichwani saa zote na saa zote anaitafuta.

Wanaziunganisha na kitu kinachong'aa ili waone swichi ipi imewaka. Siku ya tatu wakaniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Dada! Sahani ya Daktari Mrefu ilikuwa kijani tupu, kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Ya Mama Miwani ilimulika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Wakapiga picha, nikakabidhiwa sahani zote nikazichome kwa mvuke, ndiyo desturi, na nilizitupa zikiwa bado zinang'aa.

Kama mtu ataniuliza mimi, ya kelele ndiyo yenyewe. Nimeiona kwa macho haya haya yaliyoiona dunia.

Mbusu mjomba. Mwambie askari wake wa damu wasio na risasi, silaha ziko njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa wa Sabuni

---

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo kiasi. Mgongo ni ule ule. Sare za shule zimekuja nyingi, nashona mpaka vidole vinasahau kufunguka. Goti lako lipake mafuta ya moto, uache kulisimulia.

Nilivyoisoma barua yako nilicheka, halafu sikucheka tena. Nitakwambia kwa nini.

Mjomba wako yuko dirishani. Tangu kile kifua cha mwaka jana daktari amekataza vumbi, majani makavu, udongo, kila kitu ambacho mtoto wa miaka tisa anakipenda. Eti kuna ukungu mdogo hukaa humo, wewe na mimi tunauvuta na hautufanyi kitu, yeye unaota mapafuni. Basi wenzake wakicheza mpira yeye ndiye refa, anapuliza kipenga kutoka dirishani. Juzi alimtoa mtu kwa kadi nyekundu, yule mtoto akalia kweli na akatoka.

Wiki iliyopita tuliitwa hospitali kubwa. Nikakuta mtu mrefu, akainama mlangoni, nikajua moja kwa moja ni huyo wako. Anasema wanafungua matibabu kwa watoto wachache wenye ugonjwa huu. Watachukua seli za kwenye uboho wa mifupa, wazipelekee jeni nzima kwa hicho kirusi tarishi, kisha wamrudishie. Mjomba wako amepata nafasi.

Alinieleza vizuri, sitamsingizia. Alichora. Alisema na hatari zake pia, lakini niliposikia “hatari ndogo lakini ipo” masikio yangu yalijifunga kama duka wakati wa fujo. Nikamuuliza, swichi yake ni ile ya kirusi? Akashtuka, akaniangalia upya. Akasema ndiyo mama, hiyo ndiyo iliyo tayari.

Moyo wangu ukatulia. Najua wewe unaosha vyombo, usinifanye mjinga. Lakini wewe uko ndani ya nyumba, mimi niko mlangoni nabisha hodi. Umeiona ikiwaka. Mimi nimeona picha ya kalamu tu.

Nimemwambia nitamleta. Tunalazwa tarehe 25 Machi.

Dada yako

---

Tarehe 12 Machi

Dada,

Salamu. Nisamehe leo sitauliza mgongo wala kusimulia goti.

Barua yako ilinikuta kwenye sinki. Niliisoma mikono ina povu, nikacheza hapo hapo, nikavunja na chupa. Nikamkimbilia Mama Miwani kumwambia mwanangu amepata nafasi, maana huyu mama ndiye pekee anayeniuliza habari za kwetu. Nilitegemea apige makofi.

Hakupiga. Akavua miwani kichwani, akaivaa, na dada, sijawahi kumwona akiivaa bila kuitafuta kwanza. Akaniuliza, “Kwa swichi ipi?”

Nikamwambia, ile yenyewe, ile ya kijani, mimi mwenyewe nimempa dada sifa zake.

Akanishika mkono akanipeleka kwenye kabati la joto. Kuna rafu ya chini ambayo nimekatazwa kuigusa, nilidhani ni uchoyo wake. Kumbe sahani zile zile ambazo sisi tunazitupa siku ya tatu, yeye ana ndugu zake, anazilisha miezi na miezi. Akasema, “Wewe umeona siku ya tatu tu, kwa sababu baada ya hapo huwa umeshazitupa. Njoo uone zinavyozeeka.”

Nikachungulia ya kelele. Nusu ya seli ziko giza. Eti seli ya mtu ikikaa na kelele ya kirusi inachoka, inaizima. Haya, hilo tungelivumilia. Lakini pembeni kulikuwa na kirundo, seli zinazozaana juu ya nyingine, hazijui kuacha. Nikamuuliza hicho ni nini. Akanieleza, na mimi nakueleza kwa lugha yetu.

Umewahi kupanga nyumba ya vyumba vingi ukuta kwa ukuta. Wewe unataka kusikiliza taarifa tu. Unafungua redio kwa nguvu mpaka bati linatikisika. Taarifa umesikia, sawa. Lakini chumba cha pili alikuwa amelala yule mlevi mgomvi, alikuwa amelala miaka, nyumba nzima ina amani. Sasa umemwamsha. Kirusi kikiingiza jeni hakichagui chumba, kinaingia popote. Kikitua jirani na jeni ya kukuza seli iliyolala, kelele ya swichi inaiamsha na hiyo. Ikiamka ndani ya damu, ndiyo saratani ya damu.

Swichi ya Mama Miwani inaongea chini chini. Chumba cha pili hakisikii kitu. Ile sahani yake iliyokuwa kama kibatari, dada, bado inamulika vile vile kama siku ya tatu. Wala haijaongezeka wala haijapungua.

Nilimuuliza basi kwa nini hamsimamishi? Akasema Daktari Mrefu anajua, wameshabishana naye mezani, karatasi zote anazo. Daktari huyo anasema sahani si mtoto, na kuna watoto ambao hawatafika mwaka kesho. “Na mimi siwezi kuapa kwamba amekosea,” akasema. Ya kwake haitakuwa tayari mwaka huu. Labda ujao. Labda.

Nilikwambia inawaka, nami nilikuwa nimeona mwanzo wa harusi, sijaona ndoa. Usimlaze kabla hujazungumza na huyu mama. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Nipigie. Ongea wewe peke yako, nitanyamaza, naapa.

Mdogo wako

---

Ujumbe wa simu, 21 Machi

Dada pokea simu.

Ujumbe wa simu, 22 Machi

Barua imefika? Andika hata neno moja. Hata tusi.

Ujumbe wa simu, 23 Machi

Nimepiga kwa jirani yako muuza magazeti, anasema mlango umefungwa. Mko wapi? Dada, usisaini kwanza.

---

Ujumbe wa simu, 24 Machi

Simu niliizima kwa sababu sikutaka kusikia sauti yako. Barua yako nilipata wiki iliyopita. Niliisoma, nikairudisha kwenye bahasha, nikakaa na sare za watoto wa watu nikashona mikono ya kushoto tu, mashati yote.

Nimempigia huyo Mama Miwani. Ni mtu mwema. Kila nikimuuliza nifanye nini, anasema siwezi kukuchagulia mama. Daktari Mrefu naye nimemfuata, naye ni mtu mwema, naye anasema siwezi kukuchagulia mama. Wote wema na wote wameniachia mtoto mikononi.

Tuko nyumba ya wageni ya hospitali. Kesho asubuhi wananiletea karatasi ya kusaini. Mjomba wako kalala na kipenga shingoni.

Nakuuliza wewe. Usiniambie Mama Miwani kasema nini. Usinichekeshe. Angekuwa wako, ungesubiri?

---

Ujumbe wa simu, 24 Machi

Ningesubiri.

---

Ujumbe wa simu, 25 Machi

Tumerudi nyumbani.

---

Tarehe 11 Aprili

Dada yangu,

Salamu nyingi. Natumaini mko salama, na nasema natumaini maana sina habari. Tangu ule ujumbe wa maneno mawili hujaniandikia. Nimejifariji kwamba una kazi nyingi. Nikajifariji kwamba posta imelala. Sasa nimeishiwa vya kujifariji navyo, nimebaki na goti.

Hapa mambo yanakwenda. Mama Miwani ameanza kuingiza swichi yake kwenye seli za uboho zenyewe, na amenipa heshima ya kuosha vyombo vyake kabla ya vya wengine. Wengine wananiita waziri wake. Nikawaambia waziri gani, mimi ni jeshi zima.

Huoni? Hata utani umekaa upande.

Mjomba anameza dawa ya ukungu? Mlazimishe. Mkalie kifuani kama ulivyokuwa unanikalia mimi. Mwambie mjomba wake amesema refa mwenye afya hutoa kadi nyingi zaidi.

Andika tu “wazima”. Neno hilo moja litanitosha kula.

Mdogo wako

---

Tarehe 3 Mei

Dada,

Muuza magazeti ameniambia mmeonekana mkiingia gari la wagonjwa. Hakujua zaidi. Simu yako inaita mpaka inakata.

Nilikuwa natembea na lile jibu langu kama mtu aliyevaa shati jipya. Nilimwambia hata mlinzi wa getini, mimi dada yangu aliniuliza nikajibu neno moja tu, wanaume tunajibu hivyo. Sasa neno lenyewe linanisubiri kila nikifungua bomba.

Niambie yuko hai. Mengine utanitukana baadaye, kwa raha zako, nitakuja mwenyewe nikae mbele yako utukane mpaka uchoke.

Mdogo wako

---

Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Yuko hai.

Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka mistari ukitafuta. Sasa kaa chini usome taratibu.

Homa ilianza siku mbili tatu baada ya barua yako ya Aprili. Nilidhani mafua. Halafu akaanza kukohoa damu kidogo, akaificha kwenye leso, nikaikuta wakati wa kufua. Ulikuwa ule ule ukungu, umeota pafu la kulia. Walimchoma dawa mshipani wiki nzima bila mabadiliko, kisha wakampasua, wakakata kipande cha pafu. Ameamka anadai kipenga chake. Hakuna pumzi ya kukipuliza, anakiweka mdomoni hivyo hivyo anatoa macho.

Nitakwambia na lingine, kwa kuwa sijawahi kukuficha. Kitanda cha jirani yupo mtoto wa kike, tunamwita Kidoti. Ana ugonjwa huu huu. Mama yake ni mwalimu, mwembamba, mcheshi, ananisukia nywele nikisinzia. Tulipokuwa tunazungumza nikajua. Mtoto wake ndiye aliyechukua nafasi ya mjomba wako. Waliitwa siku ile ile tuliyoondoka.

Nywele zilimtoka Kidoti kwa yale madawa makali wanayopewa kabla ya kurudishiwa seli, lakini damu yake imeamka. Daktari Mrefu alileta majibu mwenyewe, seli zake sasa zinaua vijidudu. Kidonda alichokuwa nacho mguuni tangu hajaanza shule kimefunga. Anakimbia koridoni na soksi anateleza mpaka wauguzi wanapiga kelele. Mwanangu anamwangalia na mrija puani.

Siku ile nilikuchukia. Nakwambia ukweli. Nilikuchukia kuanzia asubuhi mpaka walipoleta chakula. Halafu nikajikumbusha kwamba nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua utajibu. Wale wasomi walikuwa na haki ya kutochagua, mimi sikuwa nayo, nawe ukakubali kuubeba upande mmoja wa mzigo. Basi chuki ikapoa. Sijui kama imekwisha.

Mama yake Kidoti ananiuliza, mwenzangu, kwa nini mlikataa? Nitamwambiaje habari za jirani mlevi, na mtoto wake anateleza koridoni? Na nisipomwambia, anavyonisuka nywele zangu, namwangalia kwa uso gani? Niambie nimwambie nini.

Dada yako

---

Tarehe 27 Mei

Dada yangu, mama wa mjomba wangu,

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye leso nikasimama, nikakaa tena. Mbusu huyo refa. Mwambie mjomba wake amepewa likizo, anakuja Jumamosi, na atapuliza kipenga kwa niaba yake kila atakapotolewa macho. Mapafu yangu ni mazima yote mawili, hayana kazi yoyote ya maana, nimeamua kumkodishia.

Kuhusu mama yake Kidoti, sikuthubutu kujibu kwa kichwa changu. Nilimpa Mama Miwani barua yako asome hapo kwenye sinki. Akaenda nayo kwa Daktari Mrefu, nami nikasimama mlangoni na ndoo kama mtu mwenye kazi. Wakazungumza taratibu, hawakugombana. Daktari Mrefu akaniita ndani. Akasema yule mwalimu anajua yote. Alimweleza mara mbili, na mara ya pili mwalimu mwenyewe ndiye aliyemrudishia maelezo, neno kwa neno. Kidoti alikuwa na uvimbe kwenye ini, asingefika mwaka ujao, labda asingefika hata mwezi wa nane. Mama yake alisema, “Nipe huo mwaka, mengine nitayakuta mbele.” Akasaini.

Kwa hiyo usimwambie kitu, dada. Mkae tu. Anajua kuliko sisi. Nadhani anakuuliza kwa sababu anatafuta mtu wa kuogopa naye.

Nilimuuliza Daktari Mrefu, sasa mtaitoaje ile swichi ikileta matata? Akasema haitoki. Ikishaingia kwenye damu imeingia. Watampima Kidoti damu kila mara, miaka na miaka, wakimtafuta huyo mlevi kama ameamka. Alivyosema hivyo alikuwa amekaa, na hata akiwa amekaa alikuwa ameinama.

Ya Mama Miwani bado. Nimeacha kumuuliza lini, maana nikimuuliza miwani inapotea kabisa. Mjomba ataendelea kusubiri na pafu moja na nusu, na sisi tutaendelea kufuta vumbi.

Dada, unanijua. Tangu tukiwa wadogo nimebishana na kila mtu, mpaka na redio, na kila mara nilitaka niwe sahihi, ikibidi kwa nguvu. Sasa namwona huyo mtoto anateleza na soksi, ingawa sijawahi kumwona, na ninajua kwamba jibu langu likija kuthibitika kuwa la kweli, litathibitika ndani ya damu yake.

Naomba nikosee. Naomba Kidoti azeeke, aolewe, agombane na wakwe, na kila mwaka anitumie salamu kwamba mimi ni mjinga niliyemnyima mjomba wangu dawa nzuri. Nitazipokea hizo salamu nikicheka, nitazibandika juu ya sinki.

Jumamosi nisubirini mapema hapo wodini. Nitawabeba wote wawili mgongoni, wewe na mjomba, mmoja mmoja, goti likipenda lisipende.

Mdogo wako